Wapangaji kura tunazo, mtu wetu ndo hatuna

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua barua mnazitaka fupi na hii yangu haitakuwa fupi, ila ukiamua kukata kata kwingine kote, pale nilipoongelea LUKU, umeme wa kulipia kabla, naomba usipaguse.

Mi ni mpangaji hapa Dar es Salaam, mwaka wa 15 huu. Nimehama mara saba. Nilianzia Manzese, nikaenda Tandale, nikavuka hadi Mbagala, na sa hivi niko huku pembezoni ambako wenyeji wanasema juzi juzi tu palikuwa mikorosho na mihogo. Kazi yangu mama lishe, nawapikia mafundi kwenye saiti za ujenzi, kwahiyo nyumba nyingi za vyumba vya kupangisha huku kwetu nimeziona toka msingi unachimbwa. Kwenye mbili kati ya hizo nilikuja kupanga mwenyewe, ukuta niliouona unapigwa lipu huku mi napakua ubwabwa ndo huo huo nikaja kupigilia msumari wa chandarua. Siongelei nyumba kwa kusikia.

Kilichonifanya niandike ni mkutano. Mwezi uliopita mtaani kwetu (mtaa wenyewe sitautaja, bado naishi hapo) ilipita bajaji na spika, wananchi wote mnatangaziwa mkutano wa hadhara Jumapili saa nne asubuhi, ajenda ulinzi shirikishi na mtaro. Nikasema safari hii naenda. Nikamwachia mdogo wangu masufuria nikaenda nikakaa kiti cha plastiki mstari wa nyuma. Ulinzi ukajadiliwa, tukaambiwa kila kaya elfu mbili kwa mwezi, na hapo hakuna aliyeuliza nani mpangaji nani mwenye nyumba, kaya ni kaya. Tukamaliza. Alafu mwenyekiti akashika tena kipaza sauti akasema jamani sasa wenye nyumba naomba mbaki kidogo, tuna kikao kifupi cha mtaro na urasimishaji wa viwanja, wapangaji tunawashukuru sana kwa kuja.

Tunawashukuru sana kwa kuja! Watu zaidi ya nusu tukasimama tukaanza kujikung'uta vumbi kama wanafunzi waliosikia kengele. Hakuna aliyebisha, hata mi sikubisha, na hicho ndo kinaniuma mpaka leo. Mtaro wenyewe unapita chini ya dirisha langu, mvua ikinyesha maji yanaingia kwangu. Mwenye nyumba wangu anaishi Kibaha, na siku hiyo hakuwepo.

Sasa mtu atasema huyo mwenyekiti ana roho mbaya. Hapana bana, ni mzee wa watu, msiba ukitokea anafika kabla ya turubai. Ila ana nyumba zake tatu za kupangisha, na mjumbe wetu wa shina ana fremu nne na vyumba sita. Naomba kila anayesoma hapa ahesabu kwake, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe wa kamati yake, mjumbe wa shina, mpaka diwani, wangapi wanalipa kodi ya chumba? Sheria haijasema lazima uwe na nyumba ndo ugombee, ukiwa mkazi na una shughuli yako halali unagombea kupitia chama chako. Lakini jaribu sasa, mpangaji uchukue fomu uone maneno utakayoyasikia kijiweni, mtu wa kuja huyo, hana hata kiwanja ataongoza nini, kesho akifukuzwa na mwenye nyumba na uenyekiti anahama nao?

Na hilo la mwisho, nisiwe mwongo, lina ukweli wake. Mi Oktoba 2024 nilijiandikisha kwenye daftari la mtaa, zile siku kumi za tarehe 11 mpaka 20, na Novemba 27 nikaenda kupiga kura. Nilipanga foleni toka asubuhi. Januari mkataba ukaisha, kodi ikapandishwa, nikahama. Kwahiyo mwenyekiti niliyempa kura anaongoza mtaa ambao siishi, na mtaa ninaoishi unaongozwa na mtu ambaye sikumchagua, na itakuwa hivyo mpaka uchaguzi mwingine, labda na hapo nisiwe nimehama tena. Kiongozi ana miaka mitano, mkataba wangu una miezi sita. Mwanasiasa siyo mjinga, anajua uchaguzi ujao yupi atakuwa bado yupo pale pale kwenye baraza yake na yupi atakuwa ameshapakia godoro kwenye kirikuu. Atamsikiliza nani?

Ndo maana, Mhariri, toka nianze kusikiliza kampeni sijawahi kumsikia mgombea udiwani anasema mkinichagua nitaleta vyumba. Lami tunaahidiwa, maji tunaahidiwa, zahanati, soko, madawati, taa za barabarani. Vyumba, hakuna, na wakati watu wanazidi tu. Sensa ya 2012 ilikuta Dar tuko 4,364,541, ya 2022 ikakuta tuko 5,383,728, yaani milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi. Hao milioni wamelala wapi? Masaki hawajaenda. Wako huku, kwenye vyumba vya uani, chumba kimoja watu watano na jiko la gesi chini ya kitanda. Na vyumba vikiwa vingi kodi inashuka, au angalau haipandi, sasa wewe diwani ambaye kamati yako yote ya kata, waliokuchangia kampeni na waliokutafutia kura wanakula kodi za vyumba, utasimama jukwaani useme unataka vyumba viwe vingi kodi ishuke? Hata mi ningekuwa yeye ningeongelea madawati.

Hayo maendeleo tunayoahidiwa nayo yana hesabu yake. Nilipokuwa Mbagala zilijengwa barabara za mitaani, zile za mradi wa DMDP wa kuboresha jiji, lami nzuri na mitaro na taa. Siku ya uzinduzi nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka, maana nilikuwa nimechoka kuvuka dimbwi na ndoo ya mchuzi kichwani. Baada ya muda mfupi mwenye nyumba akatuita mmoja mmoja. Chumba nilichokuwa nalipa elfu 50 kikawa elfu 80. Nikamwambia mama mbona ukuta ni ule ule, choo ni kile kile, akaniambia mwanangu, lami hujaiona? Lami ilijengwa na hela ya mkopo ambayo nchi nzima tutalipa na mi nimo, na mwenye nyumba akaivuna yeye, mi nikaihama. Ndo uniulize kwa nini wapangaji hawaji kwenye mikutano ya maendeleo.

Haya, LUKU. Toka Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda ikawa 1,500. Kodi ya jengo, Mhariri, jengo. Mi jengo sina. Nilikopanga kabla ya hapa nyumba ilikuwa na mita tatu, na kwa bahati yangu mbaya mita iliyounganishwa na kodi ya nyumba nzima ni ya chumba changu, kwahiyo wenzangu wakinunua umeme wa elfu mbili wanapata umeme wa elfu mbili, mi kila nikinunua wa kwanza wa mwezi naletewa meseji umeme kiduchu na makato juu. Hela ndogo utasema, elfu 18 kwa mwaka. Sawa. Ila tulipolalamika wapangaji nchi nzima tuliambiwa tukae na wenye nyumba tukubaliane warudishe. Nilimfuata wangu akacheka kicheko kirefu mpaka akakohoa. Sasa kwenye makaratasi huyo aliyelipa kodi ya jengo ni nani? Ni mwenye jengo. Anayeitwa kubaki kwenye kikao kwa sababu yeye ndo mlipa kodi wa mtaa ni nani? Huyo huyo. Na tokeni nimeweka mimi.

Niende kwenye fidia maana hapo ndo panaonyesha sisi tukoje machoni pa serikali. Ardhi ikitwaliwa, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za fidia za 2001, kuna posho ya makazi, na posho hiyo hesabu yake ni kodi ya soko ya mwezi mara miezi 36. Yaani serikali inakaa chini kabisa inapiga hesabu ya kodi, inazidisha miezi 36, na inamlipa mwenye nyumba. Nia ni akatafute pa kukaa wakati anajenga upya. Sawa kabisa, sina ugomvi. Ila yule aliyekuwa anailipa hiyo kodi, ambaye naye kesho hana pa kulala, na pengine ameshalipa miezi sita mbele, yeye kwenye ile fomu ya mthamini hana hata mstari.

2017 barabara ya Morogoro ilipotaka kupanuliwa, toka Kimara mpaka Kiluvya, zilibomolewa nyumba zaidi ya elfu moja bila fidia. Magazeti yote yaliandika habari za wenye nyumba, na kweli waliumia, kuna watu wazima walilia mbele ya kamera. Ila kila nyumba pale ilikuwa na wapangaji, vyumba vinne, vitano, na fremu za mbele zenye saluni na duka la dawa. Rafiki yangu alikuwa amelipa kodi ya mwaka mzima ya fremu, mwezi wa pili tu akaja kukuta ukuta una alama ya X nyekundu. Akamfuata mwenye nyumba, mwenye nyumba mwenyewe kapigwa, atamrudishia nini? Akaenda serikali ya mtaa akaambiwa hayo ni makubaliano yenu binafsi. Mwaka huo huo kule Mwanza Rais Magufuli alizuia nyumba zilizokuwa zibomolewe na akasema hadharani kuwa wale walimpigia kura. Sifufui ya marehemu, ila hapo nilielewa kuwa nyumba kusimama au kulala chini inaweza kutegemea umehesabiwa upande gani. Wapangaji wa Kimara hawakuhesabiwa upande wowote, hata kwenye orodha ya waliobomolewa hawakuwepo.

Kuna mahali wapangaji walihesabiwa na lazima nipaseme maana nitaambiwa nalalamika tu. Magomeni Kota. Wale walikuwa wapangaji wa kota za manispaa, siyo wenye viwanja, zikavunjwa, wakasambaa mjini wakahangaika miaka. Lakini walikuwa na orodha, kaya 644, wanajuana, wana viongozi wao, hawakunyamaza. 2016 Rais Magufuli akaenda akaahidi watajengewa na watakaa miaka mitano bila kodi, na Machi 2022 Rais Samia akazindua yale maghorofa na kaya 644 zikarudi. Angalia sasa ni nani aliwafikisha. Iliwabidi wamfikie rais wa nchi. Wapangaji wa nyumba binafsi, ambao ndo sisi wengi, hatuna orodha wala kiongozi, na rais hawezi kuja kila uani.

Sasa nije kwa mwenye nyumba, maana nimemsema sana na mi siyo adui yake. Vyumba vya kupanga Dar hajajenga Shirika la Nyumba, lile lipo toka 1962 na lina nyumba zake Upanga na Kariakoo na Ilala na kwingine, na sikuhizi linajenga maghorofa ya kuuza kule Kawe, sisi huko hatufiki. Chumba changu kimejengwa na mstaafu. Alipata kiinua mgongo, akanunua kiwanja ambacho hakijapimwa, akapandisha boma, hela ikaisha kwenye linta. Nimewapikia mafundi wake. Boma likakaa mwaka na nusu linaota majani ndani. Alafu akapaua vyumba viwili tu vya nyuma, akaweka milango, akaniita mi na kijana mmoja wa bodaboda, kila mmoja akatoa kodi ya miezi sita. Ile hela sikuiona ikienda benki wala ikienda kuliwa, niliiona kwa macho yangu ikishuka kwenye kirikuu ni mabati na mbao. Akapaua vyumba viwili vya mbele. Wapangaji wa mbele wakalipa miezi sita yao, ikawa sakafu na choo.

Mnaona hapo? Benki haimkopeshi yule mzee kwa sababu kiwanja hakina hati na umri umeenda. Aliyemkopesha ni mimi muuza ubwabwa. Bila riba, bila dhamana, bila karatasi. Mji huu ambao watu wanataja zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wake wako kwenye makazi yasiyopangwa, umejengwa na hela ya wapangaji inayolipwa mbele, miezi sita sita, toka Manzese mpaka huku kwetu. Alafu siku ya kikao cha mtaro tunashukuriwa kwa kuja.

Na ndo maana mi siwaungi mkono hata wale wanaotutetea wanaposema ipigwe marufuku kodi ya miezi sita, kila mtu alipe mwezi mwezi, basi. Mawaziri wa ardhi waliopita walishaongea hivyo, wabunge wakagonga meza, na vyumba vinaendelea kulipwa miezi sita na mwaka. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ikafutwa 2005, na toka hapo soko ndo linaamua. Ukikataza leo bila kumpa yule mzee mahali pengine pa kupata mabati, vyumba vya mbele havipauliwi, na tutagombania hivyo viwili vya nyuma mpaka dalali ale mara mbili. Kinachonikera mi ni kwamba hiyo hela yangu haijulikani popote. Ofisi ya mtaa inajua kiwanja kimeuzwa lini na kwa nani maana kuna ile asilimia kumi ya bei ya kiwanja ambayo mawaziri wameikemea mpaka wamechoka na bado inadaiwa, ila haijui kuwa kwenye nyumba ile kuna watu wanne wameweka miezi sita kila mmoja. Kungekuwa na daftari la mikataba pale ofisini kwa mtendaji, linagongwa muhuri bure, siku X nyekundu ikija au mwenye nyumba akifa watoto wakaja kugombana, ningekuwa na pa kuonyesha.

Lakini daftari hilo atalidai nani? Mwenye vyumba sita?

Nitoe mfano mmoja wa karibu. Nyumba moja niliyowahi kukaa ilikuwa na vyumba nane na choo kimoja. Masika shimo likijaa mwenye nyumba anasubiri mvua kubwa ya usiku, anatoboa, anatapisha kwenye mtaro, asubuhi tunaamka watoto wanaruka ruka yale maji kwenda shule. Afisa afya yupo, na sheria ndogo ya halmashauri ipo. Nikaenda kwa mjumbe kulalamika kwa adabu kabisa, shikamoo mzee, nikaeleza. Akaniambia amenisikia. Alikuwa shemeji yake na mwenye nyumba, hilo nililijua baadaye. Wiki mbili mbele nikapewa notisi kuwa chumba changu kinahitajika, kuna mtoto anatoka mkoani. Huyo mtoto hakutoka mkoa wowote, kilipakwa rangi kikapangishwa kwa elfu 20 zaidi. Choo bado kimoja.

Na hata huko juu kwenye baraza la madiwani hesabu haiko sawa. Jiji letu, ile iliyokuwa Ilala kabla ya 2021, lina kata ya Kivukoni, maofisi na mahoteli, wakazi wake elfu chache tu, ina diwani mmoja. Ina na Kivule, ambako watu wako makumi kwa makumi ya maelfu na kila siku fuso linashusha vitanda, nayo diwani mmoja. Kupiga kura bajeti ya kupima viwanja na kufungua barabara, mkono wa huyu na wa huyu uzito sawa. Kwenye ubunge angalau walishtuka, mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ikagawa Ukonga ikazaa jimbo la Kivule na ikagawa Mbagala ikazaa Chamazi, kwa sababu watu wamejaa. Nilifurahi. Ila mbunge mpya au wa zamani, akija jimboni analeta shukrani kwa nani? Wazee wa mtaa, wenye nyumba, wenye maduka. Wakati huku pembezoni waliojaa mpaka jimbo likagawanywa ni wapangaji, kichwa kwa kichwa. Tumehesabiwa ili kiti kipatikane.

Ombi langu ni dogo na halihitaji katiba mpya. Kwenye karatasi za kura za mtaa kuna wajumbe kundi mchanganyiko na kuna viti maalumu vya wanawake. Sisi wanawake tuliwekewa viti maalumu kwa sababu ilionekana mfumo hautuachii mlango, mpaka udiwani tuna theluthi. Na wapangaji je? Kiti kimoja au viwili kwenye kila kamati ya mtaa, mtu anayelipa kodi ya chumba na akijenga anaachia, hata akihamia mtaa wa pili kwenye kata ile ile amalizie muda wake. Najua nitaambiwa akihama je. Akihama anakaa mwingine, mbona sisi tuko wengi? Na mikutano ya mtaro isifanyike Jumapili saa nne mama lishe akiwa kazini, alafu isemwe wapangaji hawana mwamko.

Maana kuna lawama yetu nayo naibeba. Tulipoambiwa tuondoke tuliondoka. Kijana mmoja tu, fundi simu, aligeuka mlangoni akauliza mwenyekiti, na mi mtaro unaingia ndani kwangu, nibaki? Watu wakacheka, akaona aibu akatoka. Nilikuwa nyuma yake na ningeweza kusema hata mi nabaki. Nilikuwa nawaza masufuria, na nilikuwa nawaza pia mwenyekiti ni rafiki wa mwenye nyumba wangu.

Kikao cha pili cha mtaro kimetangazwa, bado hakijapangiwa tarehe. Nimeshaongea na yule fundi simu na akina dada wawili wa saluni, tumekubaliana safari hii tunakaa mstari wa mbele na hatunyanyuki. Nimewaambia waje na risiti zao za LUKU. Kama itawezekana barua hii itoke kabla ya hapo nitashukuru, na jina langu naomba msiliweke. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu na mzee ameshaanza kuongelea tailizi, kwahiyo kama kuna msomaji ana jibu aliandike humu humu gazetini, maana kibao cha anwani za makazi kipo hapa mlangoni na namba yake naijua kwa kichwa, ila sijui kama mpaka jibu lije nitakuwa bado hapa.

Wenu,
Mama lishe, mpangaji,
Dar es Salaam